Bei Mbili za Nazi za Mwanne

Mwanne binti Mwishehe wa Marui hakuwa mtu wa kuonewa huruma. Mumewe alikwenda Dar es Salaam kutafuta kazi, akaipata, na pamoja nayo akapata mke mwingine. Mwanne akabaki na binti mmoja, Biubwa, na minazi sitini aliyorithi kwa baba yake. Ukimuuliza yeye, katika mgawanyo ule aliyepunjika ni mwanamume.

Taabu ni kwamba minazi haikuhamia kijijini. Mwaka wa sabini na nne, watu walipokusanywa kwenye kijiji kipya, walibeba milango, vitanda, kuku na vinu. Mnazi haubebeki. Ya Mwanne ilibaki mahameni, kwenye kiwanja cha marehemu baba yake, na kila ulipofika wakati wa kuangua, kama mara nne kwa mwaka, ilimbidi afunge safari asubuhi na kundi la wabebaji na kurudi jua limeshawachosha wote.

Hayo aliyavumilia. Kilichomnyima raha mwaka huu wa sabini na saba kilikuwa cherehani. Biubwa alikuwa amemaliza mafunzo ya ushonaji kule Kibaha, na walimu wake walisema mkono wake mwepesi na jicho lake halikosei mstari. Shule ya kijiji nayo ilikuwa inapanuliwa. Januari watoto wangeingia kwa wingi, kila mmoja na sare yake. Mwenyekiti wa kijiji alishatamka mkutanoni kwamba kazi ya sare atapewa fundi wa papo hapo kijijini, mradi awe na cherehani chake mwenyewe. Asipopatikana, kazi itakwenda kwa Hemedi, fundi wa Kisarawe mjini. Biubwa alikuwa na cheti, mkasi na futi ya kupimia. Cherehani hakuwa nacho. Akiikosa kazi ile angerudi Kibaha kubandika vifungo kwenye baraza za mafundi wa watu, na Mwanne angebaki anaongea na kuku.

Cherehani kingetoka kwenye nazi, maana hakukuwa na pengine. Na hapo ndipo palipokuwa na ugonjwa, kwa sababu Mwanne hakuijua bei ya nazi. Mtu aliyezaliwa chini ya mnazi, akala nazi tangu hana meno, bei yake haijui! Msimcheke sana lakini. Ujinga wenyewe umetapakaa.

Ulianza Ramadhani ya mwaka uliotangulia. Bei ilipanda kupita kiasi. Dar es Salaam nzima ilikuwa inapika futari, na futari bila tui ni adhabu. Wachuuzi walifika Marui wakigombana wao kwa wao, na kila nazi mia moja za Mwanne zilitosha kununua doti ya kanga, na sukari ikabakia juu yake. Alirudi nyumbani akiimba. Tangu siku ile, kichwani mwake, bei ya nazi ikawa ndiyo hiyo. Si bei ya Ramadhani, la. Bei ya nazi.

Zamu ya kuangua ya vuli ilipofika, wachuuzi walikuja na bei yao ya siku zote: kwa nazi mia, mita chache za kitambaa cha marekani na mafuta ya taa. Mwanne aliwafukuza. "Mnaniibia mchana kweupe!" Akazirundika nazi nyuma ya nyumba, akakaa kuingojea bei yake irudi. Jirani yake Mwanaamina alimsihi auze, akajibiwa kuwa subira yavuta heri. Subira ilivuta mvua. Nazi ziliota moja baada ya nyingine, ndani zikajaa majoya, ile nyama laini ya nazi iliyochipua, na watoto wa kijiji kizima wakayala mpaka wakaharisha. Mama zao walikuja kumlaumu Mwanne, naye akawajibu kuwa hakuwaalika.

Kisha ikaingia masika. Barabara ikakatika, malori yakaacha kupita, isipokuwa lori moja la Husseini wa Mlandizi, lililokuwa likipita hata mahali ambapo ng'ombe angekataa. Husseini alitaja bei yake, na Mwanne, kwa kuwa alishaungua, hakubisha. Nazi mia zikampa mche wa sabuni, chumvi na chupa ya mafuta ya taa. Alilia njia nzima kurudi nyumbani. Tangu siku ile bei ya nazi kichwani mwake ikageuka tena, ikawa hiyo ya sabuni na chumvi. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mwanne sasa alishtuka hata akisikia lori.

Mwanzoni mwa kipupwe, barabara ilipoanza kukauka, Biubwa alirudi kutoka Kibaha. Wiki hiyo hiyo Husseini naye akatokea, kanzu safi, kofia imekaa vizuri. Husseini hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mchuuzi, na mchuuzi anayependa kununua ghali bado hajazaliwa. Alikaribishwa kibarazani, akapewa maji, akasifia ua ulivyofagiliwa, ndipo akasema lililomleta.

"Dada Mwanne, sipendi kukuona unahangaika. Niuzie nazi zikiwa juu ya miti. Mwaka mzima, zamu zote nne, kuanzia hii ya sasa. Wewe hubebi, huchuuzi, hungoji mtu. Nina cherehani cha miguu nyumbani kwangu Mlandizi, kizima kabisa. Kesho kutwa kiko hapa."

Mwanne alisogea karibu. "Zamu zote nne?"

"Zote. Na bado nimekuongezea. Bei ya nazi unaijua, uliiona mwenyewe masika. Mimi nimepanda juu yake."

Ilikuwa kweli, alikuwa amepanda. Mwanne alikwishafungua kinywa kusema ndiyo, na neno lingetoka, kama si Biubwa aliyekuja na sahani ya mihogo ya kuchemsha na kuinama mbele ya mgeni.

"Shikamoo, mjomba Husseini."

"Marahaba, mwanangu. Fundi wetu!"

"Mjomba, tupe mpaka kesho. Kesho tunaangua. Utatukuta mahameni, mama atakujibu huko huko."

Husseini akala mihogo, akaaga kwa heshima. Alipotoweka tu, Mwanne alimgeukia binti yake.

"Cherehani kimekuja mpaka mlangoni, wewe unakiambia kesho! Hivyo ndivyo walivyowafundisha Kibaha?"

"Simama, mama, nikupime. Nina kitambaa chako cha gauni."

"Nakusemesha habari ya cherehani!"

"Nami nakusikia. Vuta pumzi." Biubwa akamzungushia futi kifuani. "Haya, toa."

Mwanne akatoa pumzi kwa hasira. "Mbona unanipima mara mbili?"

"Kwa sababu kifua kikijaa kina kipimo chake na kikipungua kina chake. Nikikata kwa pumzi ya juu, gauni litakupwaya. Nikikata kwa pumzi ya chini, utapasua mshono siku utakayopiga chafya. Mama, nazi mia zinauzwaje?"

"Sabuni na chumvi na mafuta ya taa. Si umesikia?"

"Mwaka jana ulipokuja kuniona ulisema doti ya kanga."

"Ile ilikuwa Ramadhani!"

"Na hii ilikuwa masika. Zamu nyingine je?"

Mwanne alijaribu kuzihesabu kwa vidole. Alizikumbuka zile mbili tu, ya kicheko na ya kilio. Zilizobaki hakuzishika, maana hazikumfurahisha wala kumwumiza. Lakini kitu kimoja hakuwahi kukisahau maishani mwake, nacho ni ugomvi, na kila zamu ya kuangua alikuwa amegombana na Maneno.

Maneno ndiye mkwezi wao. Desturi yao ni kwamba mkwezi akifika chini ya mnazi wa kwanza, kabla hajavaa kamba miguuni, hutamka ujira anaoutaka siku hiyo: nazi au fedha. Akisema nazi, huchukua mbili kwa kila mnazi. Akisema fedha, hupewa fedha, kiwango kile kile miaka nenda miaka rudi. Mguu wake ukishaacha ardhi neno limefungwa, na hakuna wa kuligeuza, awe yeye au mwenye shamba.

"Ramadhani alitaka nini?" Biubwa aliuliza.

"Nazi! Akachagua zile kubwa kubwa. Nikamwita fisi mbele ya watu."

"Masika?"

"Fedha. Eti nazi zinamwumiza bega. Bega lenyewe kama la punda!"

"Vuli?"

Mwanne akakunja uso, na ule ugomvi ukamrudia mzima mzima. "Vuli alikuna kichwa kwanza. Akasema minazi nusu kwa nazi, nusu kwa fedha. Nikamwuliza yeye mkwezi au wakili?" Akainua kidole kingine. "Na kipupwe cha mwaka jana alifanya hivyo hivyo. Siku ile niliuza nazi mia nikapata shuka jepesi na kibiriti na mafuta. Sikuchukia. Sikufurahi pia."

Basi mwaka ukajitokeza wote: Maneno alitaka nazi zikiwa ghali, fedha nazi zikiwa rahisi, na nusu kwa nusu bei ikiwa ya kawaida. Bei ilifika juu mara moja, ikafika chini mara moja, na siku nyingine zote ilikaa huko katikati bila mtu kuiimbia wala kuililia. Mwanne alikuwa ameishi mwaka mzima kwenye ncha zake mbili. Ile ya juu ilimwozeshea nazi, na ya chini ilikuwa karibu imwuzie minazi yote kwa woga. Biubwa aliokota vifuu uani, akavipanga chini, kimoja kwa kila nazi mia ambazo minazi ile ingezaa mwaka ule, kisha akavigawia thamani ya cherehani kilichokwisha kutumika. Kila kifuu kikapata mche wa sabuni, chumvi, chupa ya mafuta ya taa, na mche mwingine wa sabuni. Nyongeza yote aliyojisifia Husseini ilikuwa hiyo sabuni ya pili.

"Amesimama hatua moja kutoka chini kabisa," Biubwa alisema, "halafu anachukua na Ramadhani humo humo!" Macho yakamng'aa. "Mama, tusimpe hata moja. Ramadhani si mbali. Tungoje, nazi mia kwa doti ya kanga, tununue cherehani kipya dukani!"

Mwanne alimtazama binti yake, akajiona mwenyewe mwaka mmoja nyuma, na kicheko kikamshika mpaka akakaa chini.

"Mwanangu, bei ya juu ya mwaka jana ni ya mwaka jana. Ilituonyesha tu kwamba nazi inaweza kufika pale. Haikuapa kurudi. Hata hii ya masika, nani kakwambia haiwezi kushuka zaidi? Mimi nimekwisha kula majoya. Sitaki na wewe uyale."

Asubuhi walikwenda mahameni. Nyasi zilikuwa zimefunika ilipokuwa nyumba ya mzee Mwishehe, ila minazi ilisimama safi, imepakata mikungu. Husseini alikuwa ameshafika, amekalia kinu kilichotupwa, lori lake limeegeshwa njiani. Maneno naye alikuja na kamba yake begani, akitafuna muwa.

"Asubuhi njema kwa kazi," Husseini alisema. "Nazi zimejaa kila mahali mwaka huu. Bei bado haijagusa chini."

Mwanne alimpa mgongo. Alimgeukia mkwezi. "Maneno, leo nini? Nazi au fedha?"

Maneno alitema kapi la muwa. Akaitazama minazi, akalitazama lori, akavaa kamba miguuni taratibu. "Leo nazi, dada Mwanne. Zote. Na nachagua mwenyewe."

Husseini akakohoa. "Huyu ana njaa tu."

"Tumbo lake kubwa, ni kweli," Mwanne alisema, "lakini silijui siku lililokula hasara."

Mguu wa Maneno ukaacha ardhi, akaanza kupanda. Kwa mara ya kwanza Mwanne hakugombana naye.

"Husseini ndugu yangu," alisema, "nazi zangu zina bei mbili kwa mwaka, na wewe unazijua kuliko mimi. Chini ni masika, juu ni Ramadhani. Wewe umeniwekea kidole kimoja juu ya masika, ukaniambia ndiyo bei. Mimi sikudai ya Ramadhani. Nilishaidai, ikanikatalia. Simama katikati, mahali nazi inapokaa siku nyingi. Kwa cherehani chako chukua zamu hii yote, uchukue ya vuli yote, na nusu ya Ramadhani. Nusu nyingine yangu. Na ya masika yangu."

"Zamu mbili na nusu?"

"Mbili na nusu."

Husseini aliinuka, akakung'uta kanzu. "Basi, dada. Mungu akufungulie mlango mwingine." Akaelekea kwenye lori, akapanda, akafunga mlango.

Hapo Mwanne aliogopa, na sitasema kwamba hakuogopa. Alijifunga kanga upya, akakaza fundo. Aliona cherehani kinaondoka kabla hajakitia machoni, aliona sare zinashonwa Kisarawe, aliona Biubwa na kifurushi chake anarudi Kibaha. Neno lilimfika mdomoni: rudi, chukua zote. Biubwa alimshika mkono akamkazia, na huyo Biubwa mwenyewe macho yake hayakubanduka kwenye lori.

Lori likaunguruma. Juu, Maneno akaanza kuangua. Nazi zikawa zinaanguka moja moja, nzito, zimekomaa, zikigonga ardhi na kuviringika hadi karibu na magurudumu. Husseini alichungulia dirishani. Akaitazama moja, akaitazama nyingine. Lori likazimwa.

Alirudi kwa mwendo wa mtu aliyesahau kitu. "Ile ya masika utamwuzia nani kama si mimi? Barabara haitapitika."

"Masika sitauza. Nitakamua mafuta. Mafuta hayaoti."

Husseini akavua kofia, akajipepea nayo. "Dada Mwanne, kwa bei hiyo mimi nitapata nini?"

"Utapata nazi."

Maneno alicheka kule kileleni mpaka makuti yakatikisika, na Husseini, alipoona hana pa kuiweka hasira, akacheka naye. Wakapeana mikono mbele ya mkwezi, kesho kutwa yake cherehani kikashushwa kwenye lori, cheusi, pedali yake ya chuma ikiwa na kutu kidogo pembeni. Biubwa alikifuta, akakitia mafuta, akakanyaga. Kikaitika.

Ramadhani ilikuja. Bei ikapanda, lakini haikufika pale ilipofika mwaka uliopita. Watu wengi Marui walikasirika na kusema nazi imeharibika. Mwanne aliuza nusu yake kumi la kati. Kumi la mwisho bei ikapanda kidogo tena, na Mwanaamina aliyengoja akaja mwenyewe kumpa habari, tabasamu limemjaa. Ilimwuma Mwanne, ilimwuma kweli, jioni nzima. Kisha alifuturu, akalala, na kulipopambazuka akaenda Kisarawe kununua kaki na bafta nyeupe na kitambaa cha bluu cha sketi.

Mwenyekiti alikuja kukiona cherehani kwa macho yake, akakizunguka, akakaa, akajaribu kukanyaga pedali akakata uzi. Alisema kazi ni ya Biubwa.

Desemba kibaraza cha Mwanne hakikuwa na nafasi ya kukaa. Watoto walisimama wakipimwa, wengine hawajawahi kuvaa nguo iliyokatwa kwa ajili yao tu, wakinyoosha mikono na kuzuia pumzi mpaka Biubwa awaambie wapumue. Mama zao walileta mchele, walileta kuku, walileta fedha, na wasiokuwa na kitu walileta ahadi, na Biubwa akawashonea pia, kwa sababu mwanafunzi hawezi kuingia darasani na ahadi mwilini. Mwanne alikaa mkekani akibandika vifungo. Kuna wakati alilazimika kusimama na kujifanya anatafuta sindano, maana machozi yalikuwa yanamdondokea juu ya shati la mtoto wa watu.

Siku moja Mwanaamina alipita mbio barabarani, beseni kichwani. "Mwanne! Umesikia? Nazi imepanda Kariakoo!"

"Itashuka," Mwanne alisema, bila kuinua kichwa.

"Na ikishuka?"

"Itapanda. Njoo ushike kitambaa hiki, Mwanaamina, shule inafunguliwa Jumatatu na bado tuna kaptula za darasa zima."